Bomba Ambalo Hakuna Anayelifungua

Lalamiko linalosikika kuliko yote kuhusu kipindi cha televisheni cha kutafuta nyumba ni lile la rangi. Familia imesafiri maili mia kadhaa kwenda kuanza maisha mji mpya, dalali anawafungulia nyumba ya kwanza, mke anaingia chumbani, anaona ukuta wa kijani, anakunja uso. Nyumba ina vyumba vinne, bustani na gereji ya magari mawili, lakini anasema haimfai. Mtazamaji aliyeketi Nyakato au Pasiansi, hapa Mwanza, anachemka. Nyumba nzima inakataliwa kwa kitu kinachomalizwa na ndoo mbili za lita 20 na fundi wa siku mbili?

Hasira hiyo ina haki. Naona tu kwamba inamwangukia mtu asiyestahili.

Kipindi kinachotajwa zaidi katika aina hii ni House Hunters cha kituo cha HGTV cha Marekani, kilichoanza 1999, pamoja na kile cha kimataifa kilichofuata 2006. Mpango wake haubadiliki: familia, nyumba tatu, uamuzi mmoja. Mwaka 2012 mshiriki mmoja wa Texas alieleza hadharani kwamba wakati kamera zinafika, familia yake ilikuwa tayari imenunua nyumba, na zile nyumba nyingine walizoonyeshwa zilikuwa za marafiki zao, wala hazikuwa sokoni. Wenye kipindi hawakukana jambo la msingi. Walijibu kwamba muda wa kurekodi hauruhusu kufuata mchakato mzima, hivyo huwachukua watu waliokwisha kufika mbali katika ununuzi.

Tangu hapo wapo watazamaji wanaosema kipindi chote ni maigizo, hakuna haja ya kukitazama. Mimi nachukua jambo hilo kwa namna nyingine. Kama uamuzi umeshafanyika, mkataba umesainiwa na mkopo umepita, familia ina nini cha kuzungumza mbele ya kamera? Bei imekwisha kujadiliwa. Msingi umekwisha kukaguliwa. Kinachobaki ni vile vinavyoonekana kwa jicho: rangi, makabati ya jikoni, upana wa bafu. Yule mama wa ukuta wa kijani huenda si mwepesi wa akili hata kidogo. Amepewa nyumba asiyoihitaji, akaambiwa aseme neno, naye amesema lililokuwa mbele ya macho yake.

Swali la pili la watazamaji ni la pesa. Mwalimu na fundi wa magari, watoto watatu, halafu wanatamka bajeti ya dola laki tatu. Wanazitoa wapi? Jibu ni kwamba hawazitoi, angalau si kwa mara moja. Bei inayotajwa pale ni bei ya mkopo, na mkopo wa nyumba uliozoeleka zaidi Marekani hulipwa kwa miaka 30, kila mwezi kiasi kidogo. Kwetu mtu akitaja bei ya nyumba anamaanisha fedha taslimu, au nyumba itakayopanda tofali kwa tofali kwa miaka. Mikopo ya nyumba ipo, na kampuni ya kuyapa mabenki fedha za kazi hiyo, TMRC, ilianzishwa 2010, lakini riba ni ya tarakimu mbili na benki inataka hati. Kwa hiyo ukilinganisha namba ya kwenye skrini na mshahara wako wa Mwanza unajiumiza bure. Hesabu yetu ni nyingine. Tuseme familia inahamia Mwanza kikazi na inapanga nyumba ya shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo: 1,800,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja: 300,000. Hizo ni 2,100,000 kabla lori la mizigo halijalipwa, na kama linatoka Dar es Salaam linakuja zaidi ya kilomita 1,100.

Lakini tofauti kubwa kuliko ya pesa ni ya ukaguzi, nayo watazamaji huigusa mara chache. Nyuma ya ile familia ya Marekani kuna watu ambao kamera haiwaonyeshi. Yupo mkaguzi wa nyumba anayelipwa kupanda darini na kuingia chini ya sakafu. Ipo kampuni inayochunguza historia ya umiliki na kutoa bima dhidi ya mdai atakayejitokeza kesho. Upo mfumo wa mtu wa tatu anayeshika fedha hadi masharti yatimie. Benki nayo hutuma mthamini wake. Kwa sababu wote hao wapo, mnunuzi anaweza kutembea ndani ya nyumba akizungumzia rangi na bado asidhulumiwe. Anayehamia Buhongwa au Buswelu mara nyingi hana hata mmoja wao, isipokuwa awatafute na kuwalipa mwenyewe. Mkaguzi ni yeye na mkewe na shemeji anayejua ujenzi kidogo. Akiingia kwa macho aliyofunzwa na televisheni, atatazama dari ya jipsamu na taa zake za kuzama, atalipa, kisha maisha ya nyumba ile yataanza kumfundisha kwa gharama.

Hakuna kipindi nilichoona mtu akifungua bomba na kusubiri. Kwa Mwanza hilo ndilo la kwanza. Mji uko ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na mgeni hudhani maji si tatizo. Maji yanavutwa ziwani kwenye vyanzo vya Capri Point na Butimba, yanasafishwa, kisha yanasukumwa kupanda milima. Mtaa wa bondeni unapata, wa juu unasubiri zamu. Kwa hiyo usiende kuona nyumba mara moja saa nne asubuhi. Nenda mara mbili, mara moja alfajiri na mara moja saa kumi na moja jioni, fungua bomba la nje lililo karibu na mita, si la jikoni, kwa kuwa la jikoni huenda linatoa maji ya tenki lililojazwa jana. Mita ikizunguka, maji ya bomba yapo. Ikiwa imesimama na bomba la jikoni linatoa, umeonyeshwa tenki.

Kisha piga hesabu ya tenki lenyewe. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 50 kwa siku kwa kupika, kuoga, kufua na choo cha maji, inamaliza lita 300. Tenki la lita 1,000 ni siku tatu na kidogo. Kama zamu ya maji mtaani ni mara moja kwa wiki, unahitaji lita 2,100 bila kubahatisha, na ukiwa na choo cha ndani na mashine ya kufulia, zaidi. Tazama majirani pia: kila uzio ukiwa na tenki la lita 5,000, mtaa umekwisha kukujibu. Kimo cha tenki nacho kina maana. Mita 10 za kimo huleta presha ya baa 1, hivyo tenki lililo mita 2 juu ya bomba la kuogea linatoa baa 0.2 tu. Hita nyingi za bafuni za papo kwa papo zitasumbua kuwaka kwa presha hiyo, na mpangaji atailaumu hita, ataibadilisha, atailaumu mpya.

Maji yakiingia lazima yatoke, na hapa miamba ndiyo mwenye mji. Kule kwenye kipindi mnunuzi anashangilia meza ya jikoni ya granaiti. Hapa granaiti ni ardhi yenyewe. Karo la choo linaweza kujengwa juu ya mwamba, lakini shimo la kunyonya linahitaji udongo unaonyonya. Fundi akikutana na jiwe kwenye mita moja na nusu, shimo linaishia hapo. Kiangazi huoni tofauti. Masika, shimo linajaa maji ya mvua kwanza, choo kinarudisha, na chemba inafurika kuelekea kwa jirani wa chini. Maswali ni matatu, tena ya kuuliza bila haya: shimo lina kina gani, lilinyonywa lini mara ya mwisho, na gari la maji taka linasimama wapi. La mwisho linasahaulika. Nyumba nyingi za mteremkoni Mabatini, Igogo au Isamilo zinafikiwa kwa ngazi za mawe, gari haliwezi kupanda, na mpira wake una mwisho. Sehemu kadhaa za milima hiyo zimeunganishwa na mabomba membamba ya maji taka yanayoteremka kwa mteremko wenyewe hadi kwenye mtandao mkuu. Ukipata nyumba iliyounganishwa, hiyo ni fadhila kuliko sakafu yoyote ya vigae.

Mwamba ulio juu ya nyumba hautishi kwa ukubwa wake. Mawe mengi yamekaa pale tangu kabla ya mji. Kinachotisha ni mkono wa mtu: anayepasua kokoto akichimba chini ya jiwe, au anayesawazisha kiwanja akiondoa mawe madogo yaliyokuwa yamelizuia kubwa. Tembea nyuma ya nyumba, panda, tazama kama kuna udongo mpya uliofukuliwa chini ya jiwe. Tazama pia maji ya mvua yanapita wapi. Mwamba haunyonyi, hivyo kila tone linalouangukia linateremka lote, na kama hakuna mtaro nyuma ya nyumba, mtaro ni ukuta wako.

Na hapo rangi inapata kazi yake. Ukiona chumba chenye rangi iliyofifia lakini kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti kuna mkanda wa rangi mpya, mtu amefunika kitu. Unyevu unaopanda kutoka msingini hukauka na kuacha chumvi nyeupe, plasta inavimba, kisha inadondoka. Weka kiganja ukutani, nyuma ya kabati na kwenye kona, si katikati ya sebule. Gonga kwa kifundo cha kidole. Penye plasta iliyoachia pana mlio wa uwazi. Yule mama aliyesimama kukagua ukuta alikuwa anatazama mahali sahihi, ila hakuna aliyemwambia atazame chini.

Wazee walisema nyumba njema si mlango. Kwa anayenunua, mlango wa kweli ni karatasi. Kipindi hufunga kwa watu wanaogonganisha glasi; karatasi hazionyeshwi hata sekunde moja, na watazamaji wengi wa kwetu hudhani kununua nyumba ni kukubaliana bei. Muulize muuzaji ana nini mkononi. Hati miliki ya miaka 33, 66 au 99? Barua ya toleo tu? Leseni ya makazi, ambayo ni haki ya muda mfupi? Au mkataba wa kuuziana ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ambao unathibitisha kwamba watu walikutana na kulipana lakini haukuambii kama aliyekuuzia ndiye mwenye ardhi? Kama kuna hati, chukua namba yake ukafanye upekuzi ofisi ya ardhi, uone jina, uone kama imewekwa rehani benki au ina zuio. Kisha rudi kwenye kiwanja na ramani ya upimaji utafute bikoni, yaani alama za mipaka, moja baada ya nyingine. Bikoni ikiwa imezikwa chini ya ukuta wa jirani, mgogoro uko tayari, unangoja mmiliki mpya.

Taka pia ridhaa ya mke wa muuzaji, au mume. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji anayesema mke wangu yuko Ukerewe, tutamwambia baadaye, asubiriwe hadi boti irudi.

Anayepanga hana haja ya yote hayo, lakini ana LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Muombe mwenye nyumba muingize umeme kidogo pamoja, mkatazame risiti. Makato ya deni yataonekana hapo. Kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia mita tangu 2021, na kwa nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi tangu 2023. Mkubaliane mapema nani anaibeba, maana mpangaji huilipa bila kuulizwa na wachache hukumbuka kuipunguza kwenye kodi ya pango. Mita ikiwa moja kwa nyumba tatu za uani, kubalianeni kwa maandishi namna ya kuchangia kabla ya kuhamisha hata kiti. Fedha ya udalali itoe siku unaposaini mkataba na mwenye nyumba mwenyewe, siyo siku ya kuzungushwa. Nyumba moja inaweza kuwa na madalali watatu, kila mmoja akidai ni wake.

Kuna maoni ya watazamaji ambayo nayaunga mkono bila kupunguza neno, nayo ni ya akina mama kuhusu jiko. Kipindi kinasifu jiko lililo wazi, lisilo na ukuta kati yake na sebule, kana kwamba ukuta ulikuwa kosa la kale. Wanaopika dagaa na sangara kila wiki wanajua mafuta ya kukaangia yanakoishia: kwenye mapazia, makochi na nguo za shule zilizoanikwa ndani kwa sababu ya mvua. Nyumba nzuri ya Mwanza ina jiko lenye mlango wa kutokea uani, na uani kuna kibaraza chenye paa pa kuwekea jiko la mkaa. Mkaa usiwashwe kwenye chumba kilichofungwa, hata kwa dakika za kuchemsha maharage. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu usingizini.

Wanaosema watoto hawaulizwi kitu nao wako sahihi, ingawa wanaishia kwenye suala la chumba cha kila mtoto. Chumba si kitu. Kwa familia inayohama, kalenda ya shule ndiyo inayopaswa kuchagua nyumba. Mwaka wetu wa masomo unaanza Januari. Mtoto aliye darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne ana mtihani wa taifa, na akishasajiliwa kufanyia shule fulani, kumhamisha ni kazi ngumu. Wa shule ya msingi anahama na namba yake ya PReM, namba ya utambulisho wa mwanafunzi, na bila hiyo shule mpya inabaki haina pa kumwingiza. Kwa hiyo ramani ianze shuleni. Barabara kuu za Mwanza ni chache na zimebanwa na milima na ziwa: Kenyatta inakwenda Nyegezi na Buhongwa, Nyerere inakwenda Igoma na Kisesa, Makongoro inakwenda Kirumba hadi uwanja wa ndege. Nyumba ya Kisesa na shule ya Nyegezi ni safari ndefu ya daladala na mtoto anayetoka nyumbani kukiwa giza. Dalali atasema ni dakika ishirini tu. Panda mwenyewe, siku ya kazi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Na anayefanya kazi Sengerema au Geita, hesabu yake imebadilika tangu Juni 2025 lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita tatu hivi. Usagara, ambako zamani ulipita ukienda kupiga foleni ya kivuko Kigongo, sasa ni mahali pa kuishi na kuvuka kwenda kazini.

Swali moja la watazamaji linastahili jibu refu kuliko linalopewa: mbona hawazungumzi na majirani? Watu wa kwetu hulisema kwa mshangao wa kweli, na wengine huhitimisha kwamba Wazungu hawajali jirani. Sababu moja ni ya utengenezaji tu. Kila anayeonekana kwenye kamera lazima akubali kwa maandishi. Nyingine ni ya kisheria. Tangu Sheria ya Haki ya Makazi ya 1968, Marekani inakataza kubagua katika kuuza na kupangisha nyumba kwa sababu ya rangi ya mtu, dini au asili, na dalali anayemwelekeza mteja mtaa huu badala ya ule kwa kumwambia akina nani wanaishi pale anaweza kushtakiwa. Madalali wamejifunza kunyamaza. Ukimya huo ulizaliwa na dhuluma ya miaka mingi dhidi ya watu weusi, na sheria iliyouleta ni sheria njema. Mtazamaji asiuchukue kama somo la namna ya kuhama.

Maana hapa jirani ndiye faili la nyumba. Anza na mwenyekiti wa mtaa. Anajua kesi za mipaka na mwenye nyumba wa kweli ni nani. Kisha mwenye duka la karibu, anayejua kama wapangaji wa nyumba ile hudumu au huondoka kila baada ya miezi sita. Kama ni nyumba ya ufukweni, Luchelele, Bwiru au Ilemela, usitosheke na mandhari. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa, na nyumba iliyo ndani ya mita hizo inaweza kupigwa alama ya kubomolewa hata ikiwa na vigae vya Hispania. Uliza kuhusu wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi na kujaa kwenye kila taa iliyowashwa. Uliza watoto wa mtaa wanaoga wapi, maana kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono ndiko kichocho kinakopatikana. Mwisho umtafute aliyekaa pale tangu kabla ya 2020. Mwaka ule, na tena 2024, ziwa lilipanda hadi viwango vya juu kabisa kuwahi kupimwa. Mzee huyo hahitaji kitabu cha vipimo. Mwombe atembee nawe hadi kwenye uzio wa nyumba unayoitaka, akuonyeshe kwa fimbo yake maji yaliposimama.